DHIS2 kwa lango la shule za wilaya: jiko imara, baraza dhaifu

Wilaya ya Uganda yenye shule za msingi za serikali mia mbili au mia tatu inapotaka lango lake la mtandaoni, huwa inataka mambo mawili kwa mpigo. Ofisi ya elimu inataka kujua kila shule ina watoto wangapi, walimu wangapi na matundu mangapi ya choo, bila kusubiri pikipiki ilete makaratasi kutoka kila gombolola. Mzazi naye anataka kushika simu yake aone muhula unaanza lini, mkutano wa wazazi ni siku gani, na darasa la mwanawe lina walimu wa kutosha au la.

DHIS2, programu ya kukusanya na kuonyesha takwimu, inalimudu jambo la kwanza kuliko programu nyingine yoyote ya bure tunayoifahamu. La pili hailiwezi. Anayeichagua kwa kutegemea yote mawili atapoteza mwaka. Anayeifanya jiko, kisha akajenga baraza la wageni kando yake, atapata mfumo wa kudumu. Tumeipima kwa matoleo ya 2.40 na 2.41, kwa mahitaji ya wilaya ya Uganda.

Programu yenyewe hutengenezwa na Kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Haina ada ya leseni na msimbo wake uko wazi. Wizara ya Afya ya Uganda imekuwa ikiitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupokea ripoti za vituo vya afya, na lipo shirika la HISP Uganda linalotoa msaada wa karibu. Jambo hili lina uzito kuliko sifa yoyote ya kiufundi, kwa sababu idara ya afya ya wilaya tayari ina mtakwimu anayeifahamu. Siku jedwali likikataa kuonyesha namba, mtu wa kumwuliza yuko jengo la jirani. Mfumo uliotengenezwa na kijana mmoja kwa mkataba wa miezi sita hauna jirani wa namna hiyo, na kijana akiondoka huondoka na funguo.

Mti wa shule

Kila namba ndani ya DHIS2 hujibu maswali matatu: ni ya wapi, ni ya nini, ni ya lini. "Wapi" ni mti unaoanzia wilaya, ukashuka hadi saza, gombolola, parishi na mwisho shule. Anza na mti huu, na usiharakishe, maana makosa ya hapa ndiyo ghali kuyarekebisha.

Kosa la kwanza ni majina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na shule mbili zenye jina lilelile, zikitofautishwa na C/U au R/C pekee, yaani moja ilianzishwa na Kanisa la Uganda na nyingine na Wakatoliki. Mwenye kuingiza orodha akiona herufi hizo ni mapambo na kuzifuta, shule mbili huwa moja, na watoto wa upande mmoja hupotea kwenye takwimu. Jina liandikwe kamili pamoja na taasisi iliyoanzisha shule. Katika nafasi ya msimbo weka namba ya shule ya EMIS, mfumo wa Wizara ya Elimu na Michezo, kwa sababu siku utakapotaka kulinganisha takwimu zako na za wizara, majina hayatakusaidia. Jina fupi haliruhusiwi kuzidi herufi 50. Orodha ikikataliwa wakati wa kuingiza, tazama hapo kabla ya kwingine.

Kosa la pili ni tarehe ya kufunguliwa. Kila shule katika mti lazima iwe nayo, na wengi huandika tarehe ya siku ile wanayojenga mfumo. Halafu wakitaka kuingiza takwimu za miaka mitatu iliyopita mfumo hukataa, kwa hoja kwamba shule ilikuwa haijazaliwa. Kama hujui mwaka wa kweli, weka 1 Januari 1997, mwaka elimu ya msingi ya bure ilipoanza nchini, na utakuwa umejiachia nafasi ya kutosha.

La tatu ni udhaifu wa programu yenyewe. Uganda hugawa wilaya mara kwa mara: Terego ilimegwa kutoka Arua mwaka 2020, mwaka uleule jiji la Arua lilipoanza kujitegemea. DHIS2 ina zana za kugawa na kuunganisha vituo, ila haitunzi historia ya mti. Ukihamisha shule kutoka gombolola moja kwenda nyingine, takwimu zake zote za nyuma huhama nayo, kana kwamba ilikuwa huko tangu mwanzo. Ripoti ya mwaka jana ukiichapisha leo itatoa jumla tofauti na ile aliyosaini afisa elimu. Hakuna dawa ndani ya programu. Hifadhi kila ripoti rasmi ya mwaka kama faili la PDF lenye tarehe, nje ya mfumo.

Fomu ya visanduku sitini

Ofisi nyingi huanza kwa kuuliza kila kitu. Tunashauri fomu moja ya muhula yenye visanduku 60, inayoingia kwenye karatasi moja ya A4. Walioandikishwa kutoka P1 hadi P7, wavulana na wasichana, ni visanduku 14. Wenye mahitaji maalumu ni 14 vingine. Waliohudhuria siku moja iliyopangwa na wilaya nzima ni 14 tena. Walimu kwa jinsia, waliomo katika orodha ya mishahara ya serikali na wanaolipwa na wazazi, ni vinne. Vyumba vya kudumu na vya muda ni viwili. Matundu ya choo ya wavulana, ya wasichana na ya walimu ni matatu. Madawati ni kisanduku kimoja. Vitabu vya Kiingereza na hesabu kwa P4 hadi P7 ni vinane.

Kishawishi ni kuongeza umri. Katika DHIS2 migawanyo huzidishwa, haijumlishwi. Madarasa 7 mara jinsia 2 ni 14. Ukiongeza makundi 8 ya umri unapata 112 kwa swali hilo moja, na mwalimu mkuu aliye na simu ya inchi tano hatajaza visanduku 112 kwa ukweli. Atajaza kwa kukisia. Wizara hukusanya umri kupitia EMIS kwa mtoto mmoja mmoja. Wilaya haina haja ya kuuliza tena. Vivyo hivyo mahudhurio ya kila siku ya walimu, ambayo yana mfumo wake wa TELA. Lango la wilaya liulize yale ambayo hakuna mwingine anayeyauliza.

Karatasi iwe na mpangilio uleule wa skrini, safu kwa safu. Walimu wakuu wengi hujaza kwanza kwa kalamu wakiwa na daftari la mahudhurio mezani, ndipo wahamishie kwenye simu jioni umeme au mtandao ukipatikana. Mpangilio ukitofautiana, P3 wasichana huingia kwenye P4 wavulana, na hakuna kanuni ya kompyuta itakayolibaini hilo kwa uhakika.

Muhula haumo kwenye kalenda yake

Hapa ndipo DHIS2 inapowasumbua watu wa elimu kuliko mahali pengine popote. Inajua siku, wiki, mwezi, robo mwaka, nusu mwaka, mwaka, hata mwaka wa fedha unaoanza Julai kama wa Uganda. Muhula haiujui. Ilizaliwa katika afya, ambako ripoti ni za mwezi, na asili hiyo bado inaonekana.

Njia inayofanya kazi ni kutumia robo mwaka kwa sheria moja: muhula ni wa robo ile unamoanzia. Muhula wa kwanza huanza Februari, basi ni robo ya kwanza. Wa pili huanza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, ni robo ya pili. Wa tatu huanza Septemba, ni robo ya tatu. Robo ya nne hubaki tupu kila mwaka. Andika sheria hii kwa herufi kubwa juu ya fomu, kwa sababu skrini itaonyesha miezi, haitaonyesha neno muhula.

Uamuzi huo unazaa matatizo manne, na yote yanatibika ukiyajua mapema.

Kwanza, mfumo kwa kawaida huruhusu kujaza kipindi kilichokwisha tu. Mwalimu mkuu akifungua fomu mwezi Machi hataiona robo ya kwanza katika orodha, ataona ya mwaka jana, na ataijaza hiyohiyo. Katika mipangilio ya fomu kuna sehemu ya idadi ya vipindi vijavyo vilivyo wazi: weka 1. Ni tarakimu moja, lakini ikisahaulika takwimu za wilaya nzima huingia mwaka usio wake.

Pili ni siku za kufunga. Robo ya tatu huisha 30 Septemba, ilhali muhula wa tatu huendelea hadi Desemba. Ukiweka fomu ijifunge siku 30 baada ya kipindi, utawafungia watu nje wakati muhula uko katikati. Siku hizi hupangwa kwa fomu nzima, haziwezi kutofautiana kwa kila robo, kwa hiyo weka 90.

Tatu, dashibodi. Chati nyingi huwekwa kipindi cha "robo iliyopita". Kuanzia Januari hadi Machi robo iliyopita ni ile ya nne, isiyo na kitu. Ndiyo miezi ambayo wilaya inaandaa bajeti na madiwani wanataka kuona namba, na wanaona skrini nyeupe. Taja robo unayoitaka kwa jina lake katika kila chati, kisha ubadilishe mara tatu kwa mwaka.

Nne ndilo lenye madhara makubwa. Kipengele kipya cha takwimu huja kikiwa kimepangwa kujumlisha. Shule yenye watoto 90 wa P1 katika kila muhula itaonyesha watoto 270 ukiomba takwimu za mwaka. Namba hiyo inavutia, inapita kwenye mikutano, na ni ya uongo. Idadi ya wanafunzi, walimu, vyumba, choo na madawati vyote viwekwe kwenye aina ya "thamani ya mwisho", ile inayojumlisha shule kwa shule lakini haijumlishi muhula kwa muhula. Kagua kipengele kimoja baada ya kingine. Usiamini kwamba aliyejenga fomu alikumbuka.

Kanuni za kukagua, na wanafunzi hewa

Ruzuku ya elimu ya msingi ya bure hufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo kila namba ya uandikishaji ina pesa nyuma yake. DHIS2 ina kanuni za ukaguzi zenye upande wa kushoto, alama, na upande wa kulia, na hii ni sehemu tuliyoipenda sana. Tatu zinatosha kuanzia. Waliohudhuria wasizidi walioandikishwa, darasa kwa darasa. Wenye mahitaji maalumu wasizidi walioandikishwa. Waliosajiliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi (PLE) wasizidi walioko P7, na kwa hiyo ongeza kisanduku kimoja katika fomu ya muhula wa tatu.

Kulinganisha na muhula uliopita ni kazi ya ofisi, usiiwekee kizuizi. Shule ikipanda kwa asilimia 40 kati ya muhula wa kwanza na wa pili, huenda kuna wanafunzi hewa, au huenda shule ya jirani imeezuliwa paa na watoto wamehamia. Mkaguzi wa shule aende aone kwa macho. Mfumo ukimzuia mwalimu mkuu kuhifadhi namba ya kweli, atatafuta namba ya uongo itakayopita.

Simu, mtandao na saa nane usiku

Programu ya simu, Android Capture, hufanya kazi bila mtandao. Mwalimu hujaza shuleni, kisha hutuma akifika senta penye mnara. Inafanya hivyo kwa uaminifu. Hatari ni moja: data ambayo haijatumwa iko ndani ya simu tu, na programu ikiondolewa au data zake zikifutwa ili kupata nafasi ya picha, fomu inakwenda nayo. Karatasi itunzwe shuleni hadi mkaguzi athibitishe kuwa imefika.

Lalamiko la kwanza litakalokuja ofisini litakuwa hili: nimejaza jana, mbona sionekani? Namba zinazoingia hukaa kwenye ghala moja, na chati husoma kwenye majedwali mengine yanayotengenezwa upya kwa ratiba. Ratiba isipowekwa, chati hazitabadilika hata kama shule zote zimejaza. Weka kazi hiyo ifanyike saa nane usiku. Angalia saa ya seva: zilizokodiwa nje mara nyingi huwa kwenye saa za UTC, nyuma ya Kampala kwa saa tatu, na kazi uliyodhani ni ya saa nane usiku itaanza saa kumi na moja alfajiri. Kwa shule mia tatu haitachukua muda mrefu. Waambie walimu tangu siku ya mafunzo kwamba namba ya leo huonekana kesho. Simu nyingi za malalamiko zitapungua.

Baraza la wazazi

Ukurasa wa kwanza wa DHIS2 humwomba mgeni jina na nywila. Ukishaingia, brauza hupakua programu nzito kabla ya kuonyesha chati hata moja. Mzazi wa Koboko au Busia mwenye bando la siku, bando linalobeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, hatavumilia. Wala msitengeneze akaunti moja ya "mgeni" na kuibandika nywila yake kwenye ubao wa matangazo. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ni njia ya mkato inayowavutia wengi, na inafungua mlango ambao hakuna atakayekumbuka kuufunga.

Jenga tovuti nyepesi ya kando, chini ya jina la wilaya lenye .go.ug. Usiku, baada ya majedwali kutengenezwa, programu ndogo iombe takwimu kutoka DHIS2 na kuandika ukurasa mmoja wa kawaida kwa kila shule. Kwa uombaji huo tumia tokeni, yaani ufunguo maalumu wa kidijitali ambao DHIS2 hutoa, inayoanza na d2pat_. Iruhusu kusoma tu, ifungie anwani ya IP ya seva ya tovuti, na uiweke chini ya akaunti yenye haki ya kuona takwimu za jumla pekee. Tokeni ina tarehe ya kuisha. Iandike kwenye kalenda ya ofisi, la sivyo siku moja tovuti itaganda kwenye namba za zamani bila kutoa ishara yoyote.

Ukurasa wa shule usizidi kilobaiti 100. Uwe na jina la shule, gombolola, tarehe za muhula, idadi ya watoto kwa darasa, walimu, choo, na juu kabisa siku ambayo takwimu zilichukuliwa. Picha ya jengo la wilaya haina kazi hapo. Kisanduku chenye idadi chini ya 5 kifichwe, hasa kwenye mahitaji maalumu: katika shule ndogo, "P5, msichana, 1" ni mtoto anayejulikana na kijiji kizima.

Lugha nayo ni sehemu ya ujenzi. DHIS2 huruhusu majina ya vipengele kuwa na tafsiri ndani ya hifadhidata, kwa hiyo neno moja linaweza kuwekwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kilugbara bila kurudia fomu. Tovuti ya kando ifuate hivyo hivyo.

Kwa ujumbe mfupi wa simu kuna jambo dogo linalokula fedha. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160. Ukiwa na herufi moja tu isiyomo katika seti ya msingi ya simu, nafasi hupungua hadi 70. Kiswahili hutegwa na ng': alama iliyonyooka iko salama, ile iliyopinda ambayo programu za ofisi huibadilisha zenyewe haiko. Tangazo la herufi 150 lenye "ng’o" iliyopinda linalipiwa kama ujumbe tatu. Luganda nayo hutegwa na herufi ŋ. Andika matangazo kwenye kihariri cha maandishi matupu. Namba za simu zihifadhiwe kwa mtindo wa +256 na tarakimu tisa, maana zikipitia Excel zikiwa na 07 mwanzoni, sifuri huliwa.

Majina ya watoto: bado

DHIS2 ina sehemu iitwayo Tracker inayoweza kufuatilia mtu mmoja mmoja, na kila anayeuza huduma ataionyesha kwa sababu inapendeza. Ushauri wetu ni kuiacha mwaka wa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalinda taarifa za watoto kwa masharti ya ziada, kuanzia ridhaa ya mzazi au mlezi pale ambapo sheria haiamuru vinginevyo, na taasisi inayokusanya hujisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Wilaya isiyo na mtu aliyepewa kazi hiyo kwa barua isikusanye majina.

Ikifika siku ya kuanza, namba ya kitambulisho cha taifa isiwe ya lazima. Ina herufi na tarakimu 14, na watoto wa wakimbizi Yumbe, Adjumani au Isingiro hawana. Uwanja wa lazima wasioweza kuujaza una matokeo mawili: mtoto haandikishwi, au mwalimu anabuni namba. Yote mawili ni dhuluma kwa mtoto ambaye tayari amevuka mpaka kwa miguu.

Seva na akaunti

Kwa shule mia tatu na fomu moja ya muhula, seva yenye viini 4, gigabaiti 8 za kumbukumbu na diski ya SSD inatosha, nusu ya kumbukumbu ikipewa Java. Toleo la 2.41 linataka Java 17. Katika PostgreSQL, hifadhidata ambayo DHIS2 hutumia, tengeneza viongezi vitatu kabla ya kuwasha: postgis, pg_trgm na btree_gin, vinahitaji mtumiaji mkuu wa hifadhidata, na kukosekana kwake ndiko husababisha programu kufa wakati wa kuwaka mara ya kwanza. Weka max_locks_per_transaction kuwa 128 na uzime jit.

Faili la mipangilio, dhis.conf, lina kipengele encryption.password, kisichopungua herufi 24. Ukikipoteza, chochote kilichofichwa kwa ufunguo huo hakisomeki tena. Kichapishwe na kifungiwe kwenye sefu ya wilaya. Mfumo mpya huja na mtumiaji admin mwenye nywila district, na kila mwenye nia mbaya duniani anaijua. Ibadilishe kabla seva haijaonekana kwenye intaneti, si siku ya uzinduzi.

Akaunti ziwe za watu, zisiwe za vyeo. Walimu wakuu wa Uganda huhamishwa sana. Akaunti iitwayo mwalimu_mkuu_01 hurithishwa pamoja na nywila yake, na baada ya uhamisho mara mbili hakuna ajuaye nani alijaza nini. Akihama, badilisha shule yake ndani ya akaunti. Angalia pia ngazi anayopewa: wanaotengeneza akaunti mia tatu kwa haraka huacha wilaya nzima ikiwa imechaguliwa, na mwalimu mmoja anaweza kuandika juu ya namba za wenzake wote.

Kama hitaji lenu la kweli ni masomo ya mtandaoni, DHIS2 siyo. Moodle inafaa palipo na mtandao, na Kolibri pale ambapo kompyuta moja huhudumia darasa bila intaneti. Kama ni kupokea ada, ziko huduma za malipo zinazotumika tayari katika shule nyingi nchini, na wilaya haina sababu ya kushika pesa za wazazi.

Nakala za akiba zichukuliwe kila usiku kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata. Majedwali yote yanayoanza na analytics yaachwe nje, maana hutengenezwa upya na hufanya faili kuwa kubwa mara kadhaa bila faida. Nakala moja ibaki kwenye seva, nyingine iende mahali pengine kabisa. Mara moja kila muhula, rudisha nakala hiyo kwenye mashine tupu, endesha majedwali, kisha fungua shule tano kutoka magombolola tofauti na ulinganishe visanduku vyote na karatasi zilizosainiwa. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na iandikwe ndani ya mkataba wa anayetunza mfumo, pamoja na jina la afisa wa wilaya atakayekaa naye kulinganisha.